Kosa la Aljebra si Kosa la Nidhamu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari husimama mbele ya darasa jipya na kulitangazia masharti yake. Daftari liwe na jalada. Mistari ipigwe kwa rula. Kazi ya nyumbani ikusanywe kabla ya kengele ya kwanza. Mwanafunzi asizungumze mpaka aulizwe. Atakayechelewa ataadhibiwa; atakayenakili kazi ya mwenziwe ataadhibiwa; na atakayekosa zaidi ya nusu ya maswali naye ataadhibiwa. Wanafunzi huyaandika masharti hayo katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na mara nyingi ukurasa huo ndio unaoandikwa vizuri kuliko kurasa zote zinazofuata.

Hakuna ubaya katika kuwa na masharti. Darasa lisilo na utaratibu halifundishiki, hasa darasa la aljebra, ambamo kila somo hujengwa juu ya lile la jana. Ubaya umo katika orodha yenyewe, kwa kuwa imechanganya mambo mawili yasiyo ya jamii moja. Kuchelewa na kunakili ni utovu wa nidhamu. Kukosa swali si utovu wa nidhamu. Lakini maadamu Kiswahili kina neno moja, kosa, kwa mambo yote mawili, aliyekosa hesabu na aliyekosa adabu hujikuta wamesimama katika mstari mmoja, mbele ya mwalimu mmoja, wakingojea hukumu moja.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba mambo hayo mawili hayana budi kutenganishwa, na kwamba kuyatenganisha si kulegeza kamba. Darasa la aljebra lastahili kutarajiwa makubwa zaidi ya yale yaliyozoeleka. Ila ukali uondolewe kwenye jibu na uwekwe kwenye sababu ya jibu.

KINACHOPOTEA

Jambo hili si dogo. Katika mtihani wa kidato cha nne nchini Tanzania, Hisabati limekuwa kwa miaka mingi somo ambalo watahiniwa wanaoshindwa ni wengi kuliko wanaofaulu. Na katika Hisabati, aljebra si mada moja miongoni mwa mada. Ndiyo lugha ambayo mada nyingine husemwa kwayo. Asiyeweza kufungua mabano hawezi kutafuta mteremko wa mstari, wala kupanga uwiano, wala kutumia kanuni ya eneo kinyumenyume ili apate urefu. Kijana huyo anapofika kidato cha tatu hugundua kwamba milango ya uhandisi, utabibu, kilimo cha kisayansi na uhasibu imeanza kufungwa mmoja baada ya mwingine, naye hajui ni siku gani ulipofungwa wa kwanza.

Kwa kawaida hali hiyo huelezwa kwa upungufu wa walimu, vitabu na madawati, na maelezo hayo ni ya kweli. Lakini iko sababu nyingine ambayo kuiondoa hakuhitaji fedha. Mwanafunzi aliyejifunza katika kidato cha kwanza kwamba swali la hesabu ni mtego, na kwamba anayenaswa huadhibiwa, huanza kuukwepa mtego. Huacha nafasi tupu badala ya kujaribu. Hunakili kwa jirani. Hukariri mfano wa ubaoni bila kujali kama unalingana na swali aliloulizwa. Huyo hakupungukiwa na akili. Akili yake yote ameitumia kujikinga.

CHIMBUKO LA ALJEBRA

Ili kujua darasa la aljebra lidai nini kwa mwanafunzi, yafaa kwanza kukumbuka aljebra ni nini. Neno lenyewe limetokana na kitabu kilichoandikwa mjini Baghdad yapata mwaka 820 na Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu hicho kilihusu hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kuunga au kurudishia kilichopungua, na neno hilo hutumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Al-muqabala ni kuviweka vitu viwili uso kwa uso, na Mswahili anaitambua asili yake katika maneno kukabili na mkabala. Na kile ambacho siku hizi huandikwa x kwa kipeo cha pili, mwandishi huyo alikiita mal, yaani mali.

Mfano wake mashuhuri, ukiwekwa kwa Kiswahili, wasema hivi: mali pamoja na mizizi yake kumi ni sawa na 39, mzizi huo ni ngapi? Al-Khwarizmi aliagiza kuchukua nusu ya kumi, yaani 5. Kuizidisha kwa yenyewe, ikawa 25. Kuijumlisha na 39, ikawa 64. Kutafuta kipeuo cha pili cha 64, ambacho ni 8. Na kutoa ile 5, ikabaki 3. Hakuishia hapo. Alichora mraba na kuonyesha kwa umbo kwa nini kila hatua ni ya haki. Alijua kwamba kanuni isiyo na sababu ni sawa na amri, na amri husahauliwa mara mwamrishaji anapotoka chumbani.

Tena alieleza kwamba hesabu hiyo watu waihitaji katika mirathi, wasia, ugawaji wa mali, mashauri na biashara. Na sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu mirathi. Jambo hilo laeleweka vyema Zanzibar na pwani yote, ambako mirathi ya Waislamu hadi leo huamuliwa kwa mafungu yaliyowekwa na sheria. Mrithi hatosheki kuambiwa kwamba fungu lake ni kiasi fulani. Hutaka kujua limepatikanaje, na ana haki ya kujua. Basi tangu mwanzo aljebra ilikuwa hesabu ambayo mwenye kuifanya hana budi kuweza kuitolea maelezo mbele ya mtu mwenye haki ya kuuliza. Hilo ndilo tarajio la kwanza la darasa lake, na masharti mengine yote yapimwe kwa hilo.

WANAFUNZI WATATU, SIFURI TATU

Chukua mlinganyo wa kawaida wa kidato cha kwanza au cha pili:

5 − 2(x − 3) = 1

Jibu lake ni 5. Sasa wafikiriwe wanafunzi watatu waliokosa.

Wa kwanza amefungua mabano akaandika 5 − 2x − 6 = 1, akapata x = −1. Huyu amezidisha 2 kwa 3 sawasawa, lakini alama ya kutoa iliyotangulia 2 hakuipeleka hadi mwisho wa mabano. Amesahau kwamba kutoa upungufu ni kuongeza.

Wa pili ameona 5 na 2 zimekaribiana, akazitoa kwanza, akaandika 3(x − 3) = 1, akapata x = 10/3. Huyu hajui kwamba 2 imefungwa pamoja na mabano na haiwezi kunyakuliwa na jirani wa kushoto. Kasoro yake si ya alama bali ni ya utaratibu wa matendo.

Wa tatu amefungua mabano vizuri kabisa, akafika 11 − 2x = 1. Kisha, kwa kuwa ameambiwa "hamisha upande wa pili", ameihamisha 11 bila kubadili alama yake, akaandika −2x = 12, akapata x = −6. Huyu amejifunza neno kuhamisha bila kujifunza kinachofanyika. Hakuna namba inayohama katika mlinganyo. Kinachofanyika ni kupunguza 11 pande zote mbili, kama muuza duka apunguzavyo uzito ule ule katika visahani vyote viwili vya mizani ili mizani isiiname.

Mwalimu anayesahihisha jibu peke yake ataandika sifuri tatu. Lakini wanafunzi hawa wanaugua maradhi matatu tofauti, na dawa ya mmoja haimfai mwingine. Fimbo haitambui tofauti hiyo. Wala zoezi jipya la maswali ishirini ya aina ile ile haliitambui. Hilo humpa kila mmoja nafasi ishirini za kuzoea maradhi yake.

Tena aljebra ina fadhila moja isiyo ya kawaida miongoni mwa masomo: hakimu wake yumo ndani yake. Mwanafunzi aliyepata −1 akiirudisha katika mlinganyo, akahesabu kwanza kilichomo ndani ya mabano, atapata 5 − 2(−4), yaani 13, wala si 1. Aliyepata −6 atapata 23. Kila mmoja angeweza kujua kwamba amekosa kabla daftari halijafika mezani kwa mwalimu. Yule wa pili peke yake yumo hatarini zaidi, kwa kuwa akihakiki kwa utaratibu wake mbovu atahesabu 3 mara 1/3 na kupata 1, na maradhi yatajitolea cheti cha afya. Huyo ahitaji jirani. Mwenziwe akihakiki kwa mkono wake atapata 13/3, na ubishi utakaozuka baina yao una thamani kuliko alama nyekundu ya mwalimu.

JIBU SAHIHI, NJIA BATILI

Kinyume chake pia hutokea, nacho ni cha hatari zaidi. Mwanafunzi akipewa sehemu 16/64, akaifuta 6 ya juu na 6 ya chini, atabaki na 1/4. Jibu ni sahihi. Njia ni batili kabisa. Akiitumia kwa 13/35 ataambulia 1/5, ambayo si kweli. Katika darasa linalotazama jibu tu, mtoto huyo amepewa alama ya vema, na kwa alama hiyo mwalimu ameuidhinisha uwongo.

Au chukua mlinganyo x² = 5x. Mwanafunzi hugawa pande zote kwa x, akapata x = 5. Akihakiki, 25 ni sawa na 25, naye anaridhika. Lakini 0 nayo ni jibu, na imepotea njiani. Uhakiki humwambia kwamba alichokipata ni kweli, haumwambii alichokipoteza. Kinachoweza kumwokoa ni swali moja tu la sababu: "Umegawa kwa x, una hakika kwamba x si sifuri?" Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa sababu hujiuliza mwenyewe. Aliyezoea kuulizwa jibu hana pa kuanzia.

Kwa hiyo kudai kwamba kila hatua iandikwe si ushupavu wa mwalimu apendaye kurasa zilizojaa. Hata karatasi ya mtihani wa taifa wa Hisabati imemwagiza mtahiniwa aonyeshe wazi kazi yote inayohitajika pamoja na majibu. Darasa linalopuuza kazi na kuhesabu majibu halimtayarishi mwanafunzi kwa maisha, na halimtayarishi hata kwa mtihani.

MAKOSA YENYE UKOO MREFU

Wako wanaosema kwamba kosa likirudiwa mara ya tatu na ya nne huo ni uzembe, na uzembe ni utovu wa nidhamu. Husaidiwa na methali: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hiyo ni ya hekima katika mambo ya adabu. Katika aljebra yahitaji tafsiri, kwa sababu makosa mengine yamerudiwa na wataalamu kwa mamia ya miaka.

Namba hasi ni mfano mzuri. Huko India, mwaka 628, Brahmagupta aliandika kanuni za kuzihesabu, akizilinganisha namba chanya na mali na namba hasi na deni. Hata hivyo, miaka mia mbili baadaye al-Khwarizmi mwenyewe, katika ule mlinganyo wa mali na mizizi kumi, alitoa jibu moja tu, 3. Jibu la pili ni −13: mali yake ni 169, mizizi kumi ni −130, na jumla ni 39. Hakulitaja, kwa kuwa zama zake na mahali pake halikuhesabiwa kuwa jibu. Na mwaka 1796 Mwingereza William Frend alichapisha kitabu kizima cha aljebra kilichozikataa namba hasi. Ikiwa watu wazima waliosoma vyuoni waliona taabu kukubali kwamba namba inaweza kuwa chini ya sifuri, mtoto wa miaka kumi na minne anayekosea alama ya kutoa mbele ya mabano si mtoro wala si mkaidi. Amefika mahali pagumu, basi.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Chuo kimoja kina wanafunzi mara sita ya walimu. Idadi ya wanafunzi iitwe W na ya walimu iitwe L. Mlinganyo wake ni upi? Wengi huandika 6W = L, wakifuata mpangilio wa maneno. Ulio sahihi ni W = 6L, kwa maana walimu ndio wanaopaswa kuzidishwa ili walingane na wanafunzi. Mtafiti John Clement wa Marekani alitangaza mwaka 1982 matokeo ya kuwauliza swali la namna hiyo wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Zaidi ya theluthi moja yao walikosa. Hao walikuwa wahandisi watarajiwa, wakisoma kwa lugha yao wenyewe.

LUGHA NA FIMBO

Maneno hayo ya mwisho yanapaswa kuwasumbua walimu wa Tanzania. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mtoto husoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha katika kidato cha kwanza hukutana na mambo mawili kwa pamoja: herufi badala ya namba, na Kiingereza badala ya Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Kiingereza kiliendelea.

Mjadala wa taifa juu ya lugha ni mpana kuliko darasa moja, na mwalimu wa kidato cha kwanza hawezi kuumaliza. Lakini sharti lake mwenyewe aweza kulibadili. Kama amepiga marufuku Kiswahili katika kipindi cha aljebra, amewanyamazisha wanafunzi wake mahali pale hasa wanapotakiwa kutoa sababu. Mwanafunzi anayeweza kusema, "Nimepunguza kumi na moja huku na huku ili pande zibaki sawa," ameonyesha kwamba anaelewa. Asiporuhusiwa kusema hivyo atanyamaza, na mwalimu atahesabu ukimya huo kuwa ujinga. Basi na aeleze kwa Kiswahili, kisha afundishwe kuandika maelezo yale yale kwa Kiingereza kitakachotumika katika mtihani. Kwanza wazo, kisha vazi lake.

Kuhusu fimbo, sheria yenyewe haimtetei mwalimu anayeitumia kwa jibu la hesabu. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu mwaka 1979, na zile zilizochukua nafasi yake mwaka 2002, ziliifunga adhabu hiyo kwa mipaka. Zile za 2002 ziliitaja kwa makosa makubwa ya nidhamu na kwa yale yanayoishushia shule heshima; viboko visizidi vinne; mwenye madaraka awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi; na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Hata mtu anayeona kwamba fimbo ina nafasi shuleni, jambo ambalo wengi hawakubaliani nalo, hataweza kuonyesha kwamba kukosea alama ya kutoa kunaishushia shule heshima.

MASHARTI YANAYOFAA

Orodha mpya yaweza kuwa fupi kuliko ya zamani, na kwa mwanafunzi itakuwa ngumu zaidi.

Kwanza, kila hatua iandikwe katika mstari wake, na mwanafunzi awe tayari kuitolea sababu akiulizwa. Jibu lisilo na njia lisipewe alama, hata likiwa sahihi. Njia nzuri iliyoteleza mahali pamoja ipewe sehemu kubwa ya alama.

Pili, kila mlinganyo uliotatuliwa uhakikiwe kwa kurudisha jibu mahali pake, na uhakiki huo uandikwe chini ya kazi. Kisha jirani ahakiki kwa mkono wake. Mwanafunzi asilete kwa mwalimu kazi ambayo yeye na mwenziwe hawajaihukumu.

Tatu, aliyekosa asifute. Apige mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, na kando yake aandike kwa maneno ni nini kilichokwenda kombo. Daftari la aljebra lisilo na kosa hata moja ama ni la bingwa ama limenakiliwa, na mabingwa ni wachache.

Nne, kazi ya nyumbani iwe fupi, maswali manne au matano, na lile la kwanza lianzwe darasani. Wapo wanafunzi, hasa wasichana, wanaorudi nyumbani kuteka maji, kupika na kulea wadogo zao, na wanaosoma kwa kibatari. Maswali ishirini hayapimi bidii yao. Hupima nani ana nafasi na taa. Kusaidiana kuruhusiwe. Lakini yeyote aweza kuitwa ubaoni kueleza alichoandika, na asiyeweza kueleza atahesabiwa kuwa hajafanya. Kwa sharti hilo kunakili hukosa faida, na haihitajiki adhabu kukuzuia.

Tano, jaribio lirudiwe. Aliyeshindwa apewe nafasi ya pili baada ya kuleta masahihisho yenye maelezo, na alama ya pili ichukue nafasi ya kwanza. Wazo hilo si geni. Mwaka 1968 Benjamin Bloom wa Chicago alieleza utaratibu wa kufundisha ambao mwanafunzi hupimwa, husahihishwa na kupimwa tena mpaka amudu, badala ya darasa zima kuvutwa mbele kwa mwendo mmoja. Na nchini Tanzania Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwisha kukemea desturi ya kumhukumu kijana kwa mtihani wa kuandika wa siku chache, likataka maendeleo yake ya kila siku nayo yahesabiwe.

Sita, mwalimu naye awe na masharti. Asahihishe ndani ya juma moja. Asimcheke aliyekosa, wala asiruhusu darasa limcheke. Akikosea ubaoni, akubali na aombe darasa limwonyeshe kosa liko katika mstari gani. Wanafunzi wanaomsahihisha mwalimu kwa hoja hawajamvunjia heshima, wamefanya alichowafundisha.

Ama kuchelewa, kutoroka, kelele na udanganyifu, hayo yabaki na hukumu zake, katika orodha yake. Hakuna anayependekeza yasamehewe.

PINGAMIZI

Mwalimu mwenye mikondo minne, kila mmoja ukiwa na wanafunzi sitini au zaidi, atauliza atapata wapi muda wa kusoma njia ya kila mmoja. Swali hilo ni la haki, na kulipuuza ni kumdhulumu. Lakini masharti haya hayamtaki asome kila kitu. Uhakiki wa jirani humwondolea sehemu kubwa ya kazi ya kuweka vema na kosa. Anachobakiwa nacho ni kusoma madaftari machache kila siku kwa zamu, na kuuliza swali moja dakika tano kabla ya kengele, linalojibiwa katika nusu karatasi. Akizipanga karatasi hizo katika mafungu kwa aina ya kosa, ataona kwamba makosa sitini kwa kawaida ni aina tatu au nne tu. Hizo ndizo atakazozifundisha kesho, na kazi hiyo ya mafungu ni nyepesi kuliko kusahihisha maswali mia sita asiyoyasoma.

Wengine watasema kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na mwaka ni mfupi, na anayesubiri wote waelewe hatafika mwisho. Ni kweli kwamba mwalimu hana budi kwenda. Lakini mada iliyopitwa bila kueleweka haikumalizwa. Imekopwa, na deni lake hulipwa na mwalimu wa kidato cha tatu pamoja na riba. Wiki mbili zaidi kwenye mabano na alama za kutoa katika kidato cha kwanza huokoa wiki nyingi za baadaye.

Pingamizi la mwisho ni kwamba nafasi ya pili huzaa uvivu. Huenda ingekuwa hivyo kama ingetolewa bure. Lakini kuandika kwa maneno yako mwenyewe ni wapi ulipokosea na kwa nini, kisha kukaa tena mbele ya maswali mapya, ni kazi nzito kuliko kupokea sifuri na kwenda zako. Mvivu huipenda sifuri, kwa sababu sifuri humaliza mazungumzo.

Wakuu wa shule na wakaguzi wanaweza kuanza bila kungoja waraka. Na iulizwe katika kila shule: orodha ya masharti ya darasa la hisabati yasemaje kuhusu mwanafunzi aliyejaribu akakosa? Ikiwa yamtaja katika mstari mmoja na mtoro, orodha hiyo iandikwe upya kabla ya muhula ujao, kwa Kiswahili ambacho mzazi naye ataweza kukisoma, na mstari wake wa kwanza uwe huu: katika darasa hili kila mmoja atadaiwa sababu, na hakuna atakayeadhibiwa kwa jibu.